Uzito wa Oili na Utii wa Injini

Maelezo kwa wakulima wa Ipole na nchi jirani wenye pampu za maji, mashine za kusaga, pawatila na pikipiki

1. Sababu ya maelezo haya

Zamani mizigo mingi ya nchi hii ilichukuliwa kwa mabega ya watu. Burton na Speke walipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, walikuja kwa njia ya misafara, na wapagazi wakiwachukulia vitu vyao. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na mabega mengi yakapumzika. Leo hapa Ipole, ambapo barabara itokayo Tabora na Sikonge hugawanyika, moja kwenda Koga na Mpanda na nyingine kwenda Rungwa, kazi nyingi ya mabega hufanywa na injini. Injini huvuta maji ya kitalu, husaga mahindi, hulima, na humchukua mgonjwa hata hospitali.

Mpagazi akichoka husema, na mwenye msafara humsikia. Injini haina kinywa. Husema kwa sauti, kwa moshi, kwa joto na kwa uvivu wa kuwaka, na asiyezijua dalili hizo hudhani kuwa injini imekuwa kaidi bila sababu. Injini ya pampu ikifa mwezi wa Septemba, wakati vitalu vya tumbaku vinapongoja maji, hasara si ya injini peke yake. Miche hukauka kwa siku chache, na mkulima aliyekwisha kukopa mbolea kwa chama chake cha ushirika hubaki na deni pasipo shamba.

Injini nyingi ndogo hufa kabla ya siku zake kwa sababu ya oili: ama ilikuwa haba, ama ilikuwa chafu, ama haikuwa na uzito unaoipasa injini ile. Sehemu kubwa ya maelezo haya ni juu ya jambo la tatu, maana ndilo lisilofahamika sana. Yafaa kulijua, kwa kuwa uzito wa oili hauhusu maisha ya injini tu, bali wahusu pia utii wake: kuwaka unapoiamuru, kushika mwendo mmoja, kuvuta mzigo, na kusimama unapotaka isimame.

2. Oili ni nini, na uzito wake ni nini

Kwanza tupambanue maneno. Katika mazungumzo ya kila siku neno mafuta hutumika kwa petroli, dizeli, mafuta ya taa, na hata ya kupikia. Hapa mafuta ni petroli au dizeli. Oili ni kitu kingine. Injini hula mafuta, lakini huoga oili.

Tena tunaposema uzito wa oili hatusemi uzito wa mizani. Debe la oili nzito na debe la oili nyepesi hupimwa karibu sawasawa kwenye mizani, na oili zote mbili huelea juu ya maji. Uzito tunaousema ni kama ule wa uji: uji mzito hushuka polepole kutoka kwenye upawa, na uji mwepesi hutiririka. Wataalamu huuita mnato.

Watu wa Ipole, wenye mizinga katika miombo, hawana haja ya kufundishwa jambo hili kwa kitabu. Asali iliyolala nje usiku wa Juni hutoka chupani kwa shida asubuhi. Ikiwekwa juani mpaka saa sita mchana hutiririka. Asali ni ile ile. Kilichobadilika ni joto. Oili nayo ni hivyo hivyo, tena hubadilika kwa kiasi kikubwa. Oili ya kawaida yenye alama 15W-40, ikipimwa kwa nyuzi 40 za sentigredi, mnato wake ni kadiri ya mara saba ya ule wa nyuzi 100. Basi injini ile ile, kwa siku moja, huoga oili ya namna mbili: nzito inapowashwa alfajiri, nyepesi inapokuwa katika kazi saa nane mchana. Oili ifaayo ni ile isiyokuwa nzito mno alfajiri, wala nyepesi mno wakati wa kazi.

3. Jinsi oili inavyotenganisha vyuma

Katika injini nzima, krenki, yaani mhimili mkuu, haipasi kugusana na beringi zake wakati wa kuzunguka. Injini ikisimama, krenki hulala juu ya beringi, chuma kwa chuma. Ikianza kuzunguka, huikokota oili na kuipeleka katika upenyo mwembamba ulio chini yake. Oili hujikusanya pale mfano wa kabari ipigwayo chini ya gogo, na kabari hiyo huinyanyua krenki. Tangu hapo krenki huelea juu ya utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele.

Jambo hili lilijulikana nchini Uingereza mwaka 1883. Bwana Beauchamp Tower alikuwa akizijaribu beringi, akatoboa tundu juu ya beringi moja ili atie oili. Mhimili ulipozunguka, oili ilipanda kwa tundu lile ikamwagika nje. Akaliziba kwa kizibo, na kizibo kikasukumwa nje polepole. Ndipo alipofahamu kwamba oili iliyo ndani ina nguvu ya kuuchukua mzigo wote wa mhimili. Mwaka 1886 Bwana Osborne Reynolds akalieleza jambo hilo kwa hesabu, na hata leo watengenezaji wa injini huitumia hesabu hiyo.

Kabari ya oili hutegemea mambo matatu: mwendo wa mhimili, mzigo ulio juu yake, na mnato wa oili. Oili ikiwa nyepesi kupita kiasi, kabari huwa nyembamba mno, vyuma hugusana, beringi hupata joto, huyeyuka juu yake, na mwisho injini hukwama. Oili ikiwa nzito kupita kiasi, kabari yenyewe haipungui, lakini hasara huja kwa njia nyingine: oili huchelewa kufika mahali pake wakati wa kuwasha, nayo hula nguvu ya injini kwa kuvutwa na kukorogwa bure.

Oili ina kazi nyingine tatu. Huchukua joto kutoka kwenye pistoni na beringi. Huchukua masizi na taka, ili zitoke pamoja nayo siku ya kuibadili. Tena huziba upenyo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, ili nguvu ya moto isivujie chini. Oili iliyo nyepesi mno haizibi vema; ndiyo sababu injini iliyochakaa, tena yenye oili nyepesi, hutoa moshi wa buluu na kupungukiwa nguvu.

4. Kuwaka na kushika mwendo

Katika injini nyingi ndogo za petroli, zile za pampu za maji na jenereta, hamna pampu ya oili. Chini ya mkono wa pistoni kuna kijiko kidogo kinachoipiga oili iliyo kitakoni na kuirusha juu kila mzunguko. Oili hiyo inayorukaruka ndiyo inayofika kwenye pistoni na beringi. Ikiwa nzito sana na baridi, hairuki vema, na dakika za kwanza huwa za njaa kwa vyuma vilivyo juu. Ikiwa haba, au injini imewekwa juu ya mteremko wa mto, kijiko hukosa cha kuchota. Kwa hiyo iweke pampu mahali palipo sawasawa, hata ikikupasa kuchimba kijukwaa katika ukingo.

Sasa tutazame mwendo. Katika misafara ya kale alikuwapo kirangozi, aliyetangulia na kuwaonyesha wapagazi njia na mwendo wa safari. Injini ya pampu au ya kusaga nayo ina kirangozi wake, aitwaye gavana. Ni vipande vidogo vya chuma vinavyozunguka pamoja na injini. Mwendo ukizidi, vipande hutanuka na kupunguza mafuta. Mwendo ukipungua, kwa mfano mahindi yakijaa katika kinu, vipande hurudi ndani na mlango wa mafuta hufunguka zaidi. Hivyo injini hushika mwendo mmoja ingawa mzigo hubadilika.

Katika injini nyingi ndogo gavana hufanya kazi ndani ya oili ile ile ya injini. Oili ikigeuka kuwa tope zito, vipande huwa vizito kutanuka na vizito kurudi. Amri huchelewa, na injini hupanda na kushuka mwendo kama mtu asiyejua aendako. Lakini tusihukumu haraka. Dalili hiyo mara nyingi hutoka kwenye kabureta chafu, au kwenye fimbo na springi za gavana zilizo nje zikiwa zimekwama kwa vumbi. Tazama hizo kwanza, kisha tazama oili.

Kuna hasara nyingine isiyosikika kwa masikio. Oili nzito kupita kiasi huila sehemu ya nguvu ya injini. Gavana, kwa kuwa kazi yake ni kulinda mwendo, hufungua mafuta zaidi ili kuifidia nguvu iliyopotea. Mkulima husikia sauti ile ile, naye hadhani kwamba kuna lililoharibika. Ni debe la petroli tu linalokwisha mapema. Kwa hiyo andika katika daftari mafuta ya kila siku na saa za kazi. Lita zikizidi kwa kazi ile ile, tafuta sababu.

5. Pikipiki, na magari ya siku hizi

Pikipiki nyingi zenye injini ya mipigo minne hutumia oili moja kwa kazi tatu: injini, gia na klachi. Sahani za klachi huoga katika oili, na hushikana kwa msuguano wake. Basi oili ya pikipiki ina masharti mawili: iwe na uzito upasao, tena isiwe telezi mno kwa klachi.

Oili nyingine za magari madogo hutiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta machache. Oili hiyo ikitiwa katika pikipiki, klachi yaweza kuteleza: unavuta moto, injini hulia, lakini pikipiki haipandi kilima pamoja na gunia lake. Watu husema injini imekwisha nguvu, kumbe nguvu ipo, ila haifiki kwenye gurudumu. Tafuta chupani alama ya JASO MA au MA2, iliyowekwa na Wajapani kwa ajili ya pikipiki zenye klachi iogayo katika oili. Alama ya MB ni ya oili iliyo telezi zaidi. Haifai kwa klachi ya namna hiyo.

Oili nzito mno nayo huonekana katika klachi. Asubuhi sahani hugandana kwa oili iliyo baridi. Ukitia gia pikipiki hurukia mbele, na gia ya bure haipatikani upesi. Hali hiyo ikiisha baada ya mwendo wa dakika chache, na klachi imekazwa vema, huenda oili ni nzito kupita maagizo.

Kwa wenye magari ya siku hizi kuna jambo la zaidi. Katika injini nyingi mpya kompyuta hubadili saa ya kufunguka kwa valvu kadiri ya mwendo na mzigo. Kompyuta hutoa amri kwa umeme, lakini anayeitimiza amri mara nyingi ni oili, kwa kusukumwa katika vijia vyembamba. Oili ikiwa nzito mno, utimizaji huchelewa. Ikiwa nyepesi mno au chafu, msukumo hautoshi. Kompyuta huona kwamba neno lake halikufuatwa, na yaweza kuwasha taa ya onyo. Usikimbilie kununua vipuri vya umeme kabla ya kuhakikisha kwamba oili ni safi, imetimia kipimo, na ni ya alama iliyoagizwa katika kitabu cha gari.

Tena, gari au trekta likiwa na saa ya msukumo wa oili, isome kwa akili. Asubuhi sindano hupanda sana. Wengi hufurahi, lakini sindano huonyesha ugumu wa oili kupita, haionyeshi wingi wa oili ipitayo. Oili nzito na baridi huweza hata kufungua mlango wa akiba wa chujio na kupita bila kuchujwa. Basi usiizungushe injini kwa kasi mara inapowaka. Ipe muda kidogo, kisha uanze kwa mzigo mdogo.

6. Hatari ya injini ya dizeli kukimbia

Liko jambo moja ambalo kila mwenye mashine ya kusaga ya dizeli yampasa kulijua kabla halijamfika. Injini ya dizeli huweza kuunguza oili yake yenyewe. Ikiwa ringi zimechakaa na oili ni nyepesi, au oili imejazwa kupita alama, oili huweza kupanda katika silinda kwa wingi ikawa chakula cha injini. Hapo injini hukimbia. Gavana hana amri tena, maana yeye hutawala dizeli, hatawali oili. Hata ukifunga dizeli yote injini haisimami, bali huongeza mwendo mpaka ivunjike, na vipande vyake huweza kuua.

Likitokea hilo, waondoe watu wote kwanza, hasa watoto walioleta mahindi. Dawa ni kuinyima injini hewa: ziba tundu la hewa kwa ubao mpana na mgumu au bamba la chuma. Usitumie mkono, wala kitambaa chepesi, kwa sababu huvutwa ndani. Injini nyingine zina mkono wa kuachia nguvu ya silinda. Nao husaidia kuisimamisha. Ikiwa huwezi kuikaribia kwa usalama, kimbia. Mashine hununuliwa, mtu hanunuliwi. Tena ni bora kuizuia hatari hii mapema: usizidishe oili juu ya alama, na injini inayotoa moshi mwingi wa buluu ipelekwe kwa fundi.

7. Fundisho la Urambo

Katika mkoa wetu huu wa Tabora liko fundisho kubwa juu ya injini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waliazimu kufyeka misitu kwa trekta na mashine kubwa, na nyingi katika hizo zilikuwa zimebaki kutoka Vita Kuu ya Pili, zimekwisha kutumika na kuchoka. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa trekta. Mashine nyingi ziliharibika upesi kwa visiki, ardhi ngumu, vumbi, uhaba wa vipuri, na kwa kuendeshwa na watu ambao hawakupewa mafunzo ya kutosha. Januari 1951 serikali ilitangaza kuuacha mradi ule kwa namna ulivyokusudiwa, baada ya hasara ya mamilioni ya pauni.

Hatusemi kwamba oili ndiyo iliyouangusha mradi wa karanga. Mvua isiyotosha, udongo na haraka ya wakubwa zilikuwa na sehemu kubwa. Twasema tu kwamba wingi wa mashine haukuziba pengo la matunzo. Ikiwa serikali yenye fedha nyingi ilishindwa kwa namna hiyo, mkulima mwenye injini moja atashindwa upesi zaidi. Lakini pia yeye ana faida waliyoikosa wao: injini yake ni moja, naye anaweza kuijua kama anavyomjua ng'ombe wake.

8. Kuzisoma alama na kuchagua

Uzito wa oili huandikwa kwa alama ya SAE. Hicho ni chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kilichoanza mwaka 1905 na kutoa mpango wake wa kwanza wa uzito wa oili mwaka 1911. Oili yenye namba moja, kama SAE 30 au SAE 40, hupimwa kwa nyuzi 100 za joto. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi wakati wa kazi. Oili yenye namba mbili, kama 15W-40 au 20W-50, imepimwa mara mbili. Namba iliyo pamoja na W ni ya baridi: ikiwa ndogo, oili hubaki nyepesi zaidi katika baridi. Namba ya pili ni ya joto la kazi.

Namba ya W hupimwa kwa baridi ya nchi za theluji. Hata oili ya 20W hujaribiwa katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, na Ipole haijui baridi ya namna hiyo. Kwa hiyo kwetu namba ya pili ndiyo ya kuangaliwa zaidi.

Wako wasemao: nchi yetu ni ya joto, basi oili nzito kuliko zote ndiyo bora. Neno hilo lina ukweli nusu. Injini ndogo inayopozwa kwa hewa hufuata joto la mahali, na vitabu vingi vya injini hizo vina jedwali linaloruhusu oili nzito zaidi katika nchi za joto. Lakini injini inayopozwa kwa maji hutunza joto lake karibu pale pale, iwe Juni au Oktoba; kuiongezea uzito bila agizo ni kuila nguvu yake bure. Soma kitabu cha injini. Ikiwa kitabu kimepotea, waulize wauzaji au fundi mwaminifu kwa jina na namba ya injini iliyoandikwa juu yake.

Wengine hutia oili nzito katika injini iliyochakaa ili kupunguza moshi. Moshi huweza kupungua, lakini ugonjwa haujapona. Ni kama kumfunga mtu mwenye kuvunjika mguu na kumwambia abebe mzigo. Itumie hila hiyo, ikiwa jedwali la kitabu laruhusu, ili umalize mavuno tu. Kisha injini itengenezwe.

Angalia pia herufi za kazi. Katika mpango wa API, herufi zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli. Na injini za mipigo miwili, kama misumeno mingi ya kukatia miti, hazina oili kitakoni. Oili yake huchanganywa na petroli kwa kipimo cha mtengenezaji. Maelezo haya si kwa ajili ya hizo.

9. Kuipima na kuibadili

Oili hubadilika uzito ingawa namba ya chupa haibadiliki. Petroli au dizeli isiyoungua ikishuka ndani yake huifanya nyepesi. Dalili ni kipimo kupanda bila kuongeza, na harufu ya mafuta. Masizi na kuungua huifanya nzito. Maji huifanya iwe kama maziwa.

Jaribio moja laweza kufanywa nyumbani. Tafuta chupa mbili ndogo, nyeupe, za namna moja. Tia oili mpya uliyoiamini katika moja, na ile unayoishuku katika nyingine, ukiacha nafasi sawasawa ya hewa juu. Zifunge, uziache pamoja kivulini usiku kucha ili joto lao liwe moja. Asubuhi zipindue kwa wakati mmoja, utazame mapovu ya hewa yakipanda. Povu likipanda upesi zaidi, oili ile ni nyepesi zaidi. Jaribio hili huonyesha uzito tu. Halionyeshi kama dawa zilizomo ni nzima.

Jihadhari na oili iliyotumika ikasafishwa rangi na kutiwa tena katika chupa. Nunua kwa muuzaji anayejulikana, tazama kifuniko kama kimefunguliwa, tafuta alama ya Shirika la Viwango Tanzania, na ukimaliza itoboe chupa ili isijazwe tena na mdanganyifu.

Watengenezaji wengi wa injini ndogo za petroli huagiza oili ya kwanza ibadiliwe baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100 au miezi sita. Pampu inayofanya kazi saa nne kila siku hutimiza saa 100 kwa siku 25 tu. Basi katika majira ya vitalu mwezi mmoja haupiti bila kubadili oili. Injini ya nguvu za farasi tano na nusu huchukua kadiri ya lita 0.6. Katika vumbi la Septemba na Oktoba badili mapema zaidi, na usafishe chujio la hewa, kwa kuwa mchanga mwembamba uingiao humo huigeuza oili kuwa tupa ya kusagia chuma. Imwage oili ya zamani injini ikiwa bado ina joto, ili taka zitoke nayo.

Injini nyingine ndogo huzimika zenyewe oili ikipungua. Usiutegemee mlinzi huyo peke yake: yeye hupima kina cha oili, hapimi uzito wala usafi wake.

10. Oili iliyotumika

Usiimwage mtoni, kisimani wala shambani. Usiipake mizinga kwa kuzuia mchwa, kwa maana ina sumu za chuma na masizi, na asali ya Tabora hutafutwa kwa usafi wake. Ikusanye katika dumu lenye kifuniko, mbali na watoto, uipeleke gereji inakokusanywa.

11. Mambo ya kukumbuka

Pima oili kila siku kabla ya kuwasha, injini ikiwa mahali sawasawa.
Tumia namba ya uzito iliyoagizwa katika kitabu, si namba iliyo kubwa kuliko zote.
Kwa pikipiki tafuta alama ya JASO MA.
Usizidishe oili juu ya alama.
Iache injini ipate joto kidogo kabla ya kuipa mzigo mzito.
Andika saa za kazi na siku ya kubadili oili.
Ukiona mwendo hautulii, klachi inateleza au moshi ni wa buluu, simamisha na kuchunguza siku ile ile.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nusu lita ya oili safi kwa wakati wake ni bei ndogo. Kitalu kilichokauka hakirudishwi na fundi yeyote.